Maswali na Majibu: Viwanja, Maktaba na Ahadi za Wagombea Wadi

Mgombea uwakilishi wadi ameahidi kutujengea uwanja wa michezo tukimchagua 2027. Ataweza? – Kijana, Likoni

Hajengi yeye. Kazi ya mwakilishi wadi ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuichunguza serikali ya gavana. Muulize kama uwanja huo umo katika mpango wa kaunti wa miaka 5, na kama haumo, ataupigania vipi uingie. Akianza kukuimbia jina la chama, umeshapata jibu.

Utamaduni na michezo ni kazi ya kaunti au ya serikali kuu? – Msomaji, Kisauni

Kila msimu wa kampeni naletewa swali hili, na Katiba ya Kenya ni ile ile ya 2010. Fungueni Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Maktaba, makavazi, viwanja, bustani, fuo, hata leseni za pombe na kamari, ni za kaunti. Majengo ya kale yenye uzito wa kitaifa, kama Fort Jesus, ni ya serikali kuu.

Uwanja tuliochezea tangu utotoni umezungushwa mabati usiku. Tuandamane? – Wazazi, Changamwe

Kabla ya kuandamana, nendeni masjala ya ardhi mkafanye upekuzi rasmi mjue kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani. Ardhi ya umma ya kaunti hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo huisimamia. Andikieni zote mbili, mgongewe mhuri kwenye nakala yenu. Bustani ya Uhuru Park ya Nairobi ingemezwa na jengo la ghorofa 60 kama mtetezi wa mazingira Wangari Maathai hangesimama kidete mwaka 1989, naye alianza kwa barua, ofisi moja baada ya nyingine, kabla dunia haijamsikia.

Hapa ndipo ninapowagombeza wapiga kura wenzangu. Tunadai nyasi, taa na majukwaa kwenye kiwanja kisicho na hati, halafu tunashangaa kikiuzwa. Mgombea asiyeweza kutaja viwanja vya umma vya wadi yake, kimoja kimoja, na hali ya hati zake, hafai kupewa kura kwa sababu ya michezo. Watoto wakikosa pa kuchezea huishia barabarani kwenye bodaboda na matatu, na mzazi hana pa kulalamika.

Mgombea ametuletea jezi na mipira. Tukatae? – Kapteni wa timu, Mtwapa

Kataeni. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumpa mtu kitu ili kununua kura yake, na anayepokea pia ana kosa. Na kombe lenye jina la mheshimiwa hufa kura zikishahesabiwa.

Mbona sera ya utamaduni huwa ni tamasha tu? – Mama wa kikundi cha ngoma, Lamu

Kwa sababu tamasha lina jukwaa la kupigia picha. Silipingi, linaleta wageni na riziki. Lakini Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001 kwa maisha ya watu wanaoishi humo mwaka mzima, si kwa siku chache za sherehe. Dai ukumbi wa mazoezi usiolipiwa, na fungu la kuwalipa mafundi wa jahazi na wa nakshi wafundishe vijana. Fundi akifa bila mwanafunzi, hakuna bajeti itakayomrudisha.

Maktaba yetu haina vitabu vipya. Tumlaumu nani? – Mwanafunzi, Voi

Kaunti.

Maoni tuyapeleke lini? – Wengi

Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na bajeti hupitishwa kufikia Juni 30. Nendeni na karatasi iliyotaja kiwanja, maktaba au ukumbi kwa jina, mkaisome kwa sauti. Wanaokuja Julai kupiga kelele huwa wamechelewa mwaka mzima.