Akiba Nono, Jirani Mwenye Njaa

SWALI: Nimejaliwa mali, ilhali jirani zangu hulala njaa. Sarafu ninazotoa mlangoni haziniondolei fundo moyoni. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na hesabu, ndugu yetu. Kwa Mwislamu zaka si hisani, ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali yako. Jumlisha fedha taslimu, akiba ya benki na bidhaa za dukani kwa bei ya kuuzia leo, kisha ondoa madeni yaliyoiva. Salio likifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na kutimiza mwaka wa Hijria (wa kalenda ya Kiislamu), toa asilimia 2.5. Wengi huhesabu faida tu (kosa kubwa!) wakasahau mtaji. Usitawanye vijisarafu: mpe mmoja cherehani, mwakani hatapanga foleni. Nyumba unayoishi haimo katika hesabu hiyo ya zaka.