Niko misheni Uingereza na silali usiku. Nirudi nyumbani?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 20 kutoka Machakos. Huu ni mwezi wa kumi nikiwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale mnaowaita Wamormoni, huku kaskazini mwa Uingereza. Baba ni wa kanisa lingine na alikataa kunisindikiza uwanja wa ndege. Alisema miaka miwili ya bure ingetosha kunipatia diploma. Waumini wa kanisa letu walinichangia suti na viatu.

Tunabisha hodi, watu wanatufungia milango. Mvua haikatiki. Mwenzangu ni kijana wa Utah, Marekani, haoshi vyombo, na nikizungumza na mtu ananirekebisha Kiingereza mbele yake. Mzee mmoja mweusi kwenye kituo cha basi aliniuliza kama najua kanisa langu liliwabagua watu weusi. Nilikosa la kusema. Siku nzuri niliyopata ni ile tuliyomsaidia mama Mkongo kupandisha vitanda ghorofani, tukaongea Kiswahili mpaka nikasahau niko wapi. Usiku silali. Nikitaka kulia naingia bafuni na kufungulia maji ili mwenzangu asisikie. Nyumbani nawaambia niko salama. Msichana aliyeahidi kunisubiri hajajibu tangu Pasaka. Nikirudi kabla ya muda, baba atasema "nilikwambia" na kanisani watanong'ona. Nifanye nini?

*

Marahaba mwanangu.

Hayo ya milango na mvua yatangoja. Nataka kwanza hilo la bafuni. Kanuni zenu zinataka wewe na mwenzako muwe mnaonana na kusikiana karibu saa zote, na bafuni ndipo penye mlango wa kufunga. Kwa hiyo umepageuza kuwa mahali pa kulilia, na maji unayafungulia yakufunike sauti. Mtu aliyefika hapo hajapungukiwa imani. Ni mtu anayeumwa, au aliye karibu kuumwa, na mficha maradhi kilio humfichua.

Nakuuliza waziwazi kwa sababu hukuandika: umewahi kufikiria kujidhuru, au kutamani usiamke? Kama jibu ni ndiyo, acha kusoma hapa. Mwamshe huyo mwenzako asiyeosha vyombo, umwambie. Hapo Uingereza piga 111, chagua huduma ya afya ya akili, au piga 116 123 ya Samaritans, wanaosikiliza watu waliolemewa. Ni bure na wanapokea usiku kucha.

Kama jibu ni hapana, bado nataka umpigie rais wa misheni yako, yule anayewasimamia wamisionari wote wa hapo, au mkewe, kabla ya wiki hii kwisha. Usimwambie "nina changamoto kidogo". Mwambie umekosa usingizi tangu lini, unakula nini, unalia mara ngapi, na kwamba unataka kuonana na daktari. Wewe si wa kwanza kumpelekea habari kama hizo. Mimi si muumini wenu, kwenu chai ni mwiko na yangu ya asubuhi isingeniruhusu, lakini nimewahi kuongea na vijana waliotoka misheni na wote waliniambia jambo moja: aliyesema mapema alisaidiwa, aliyenyamaza alirudishwa akiwa taabani.

Pengine utasimuliwa habari za mwaka 1839, Brigham Young na Heber Kimball, viongozi wa mwanzo wa kanisa lenu, walivyoondoka kuja huko huko Uingereza wakiwa wagonjwa, wameacha wake na watoto wagonjwa kitandani. Ni habari za kweli. Lakini usikubali mtu akutolee hizo kukunyamazisha. Wakati ule hakukuwa na daktari wa kumpigia simu.

Sasa huyo kijana wa Utah. Naye yuko mbali na mama yake, na huenda ndiyo mara yake ya kwanza kukaa nyumba moja na mtu asiyefanana naye. Hiyo si sababu ya kukuacha uoshe sufuria zake. Nijuavyo, mnatakiwa kuketi kila wiki kupanga kazi, na humo mna nafasi ya kuambiana yanayowakwaza. Bila shaka mmekuwa mkiipita kwa "sisi tuko sawa tu". Wiki hii usiipite. Anza na la Kiingereza kwa sababu ndilo linalouma: mwambie akiona umekosea akuambie mkiwa wawili njiani, si mlangoni mwa mtu. Kisha vyombo, zamu kwa zamu. Asipobadilika, uhamisho wenu huja kila baada ya wiki sita hivi na mapema au baadaye mmoja wenu ataondoka. Ndoa mbaya ngapi zingetamani kanuni hiyo!

Yule mzee wa kituo cha basi hakukuonea, mwanangu. Alikuuliza historia. Tangu 1852 mpaka Juni 1978, mwanamume mweusi mwenye asili ya Afrika hakupewa ukuhani katika kanisa lenu, na waumini weusi, wanaume kwa wanawake, walizuiwa ibada za hekaluni. Marufuku hayo yaliondolewa Spencer Kimball akiwa rais wa kanisa. Mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo marefu kuhusu suala hilo na kukana nadharia za zamani zilizosema ngozi nyeusi ni laana. Yasome yote, polepole, siku yako ya mapumziko. Haifai Mkamba mwenye kibandiko cha kanisa kifuani asikie habari hizo kwa mara ya kwanza kwa mpita njia. Ukikutana naye tena sema, "Ndiyo, ilikuwa hivyo," kisha useme kwa nini wewe bado umo, kama bado umo. Na ukishasoma ukajikuta si wa kanisa hilo tena, hilo ni jambo kubwa kuliko mwenzi na mvua. Liseme kwa jina lake, usilifiche nyuma ya uchovu.

Hawakufungii milango kwa sababu ni wewe. Mwaka 1837 watu wa Preston, huko huko kaskazini, walibatizwa na wamisionari wenu katika mto Ribble umati ukitazama. Ni zamani hizo. Kwenye sensa ya 2021, waliojiita Wakristo Uingereza na Wales walikuwa asilimia 46.2, chini ya nusu kwa mara ya kwanza tangu swali hilo liulizwe. Anayekufungia mlango angemfungia hata askofu wake. Ila yule mama Mkongo hakukufungia, na ndipo mahali pekee katika barua yako ulipoandika kama mtu anayeishi. Waombe viongozi wako muwe na siku ya kusaidia wakimbizi na wageni: kubeba fanicha, kumsomea mtu barua ya shule ya mtoto, kumkalimania mama anayejua Kiswahili na Kifaransa tu. Kazi ya huduma ni sehemu ya misheni yenu, hutakuwa umeomba likizo.

Tuje kwenye kurudi. Usiamue wiki hii, mtu asiyelala haamui vizuri. Onana na daktari, zungumza na rais wako, ungoje uhamisho mmoja upite. Baada ya hapo, kama usiku bado ni ule ule, omba kurudi na urudi bila kuinamisha kichwa. Kuna wengine hubadilishiwa wito wakamalizia kwa kazi ya huduma karibu na nyumbani, kwa hiyo uliza kama kwenu linawezekana. Wa kunong'ona watanong'ona mpaka apatikane mwingine wa kunong'onewa. Suti imeshavaliwa miezi kumi, hakuna wa kukudai.

Baba yako ndiye shida, na nadhani unajua. Ninavyomsoma mimi, mzee aliyekataa kwenda uwanja wa ndege hakukasirikia Kitabu cha Mormoni peke yake. Alikuwa anapoteza kifungua mimba wake kwa miaka miwili na hakuwa na namna nyingine ya kulisema. (Kama wewe si kifungua mimba nisamehe, umeandika kama mmoja.) Mpaka mwanzoni mwa 2019 wamisionari wenu walikuwa wakipiga simu nyumbani Krismasi na Siku ya Akina Mama basi. Wewe una simu kila wiki na unaitumia kudanganya. Wiki ijayo mwambie mama ampe baba simu. Muulize kama mvua imenyesha, kama mahindi yameota, ng'ombe wako vipi. Akishajibu hayo mwambie, "Baba, silali vizuri huku." Hutamwambia kuhusu kanisa wala kuhusu diploma. Akisema "nilikwambia", mwitikie "Ndiyo, uliniambia," unyamaze. Sidhani atakuwa na la pili la kuongeza kwenye hilo, na kimya kikizidi atakuuliza unakula nini.

Na mama yako aambiwe siku hiyo hiyo. Akisikia kwa watu wa kanisa kabla yako hatakusamehe upesi, na mimi nitakuwa upande wake.

Yule msichana ameshakujibu, mwanangu. Mwandikie mistari miwili ya kumtakia heri, uache hapo. Usimwulize ni nani.