Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo kazi ya wadudu

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu, mara ya tatu ndo nikakumbuka miwani. Unauliza usomee masters ya maikrobaiolojia, hii elimu ya vijidudu, au uchukue ile kazi ya kuzunguka mahospitalini kuuza dawa, maana hao wanatoa na gari. Nitakujibu. Ila ngoja kwanza nikuulize, hivi wewe unaweza kuandika "hakuna kilichoota" halafu ukalala usingizi?

Maana kazi yenyewe ndo hiyo. Watu wanadhani ni kuchungulia darubini tu, kumbe kuchungulia ni dakika tano, kilichobaki ni kuosha, kupika agari, ule ugandishaji tunaooteshea wadudu kwenye sahani, na kusubiri. Na agari imetoka jikoni, Fanny Hesse ndo alimwambia mumewe mwaka 1881 ajaribu ile anayogandishia jeli zake, maana gelatini ilikuwa inayeyuka kukiwa na joto, habari ikafika kwa Koch, yule bingwa wa wadudu wa Berlin, na sifa zikabaki kwa Koch. Hii nilikuwa nakusimulia kila ukikimbia vyombo, mama yako anacheka kwamba na mimi navikimbia.

Sasa kile kisa. Ulikuwa darasa la saba, bado tunakaa Mwanga ya Kigoma kwenye ile nyumba ya mlango wa bluu. Ikaja swabu, kile kijiti cha pamba cha kuchukulia sampuli, na boti kutoka kambi moja ya wavuvi, ya mtoto anaharisha, imeviringishwa kwenye karatasi, kavu kau, Cary-Blair, ile dawa ya kusafirishia sampuli isikauke, hamna, na mtoto mwenyewe alishapewa antibayotiki. Mwanafunzi yeyote anajua mdudu wa kipindupindu akikauka kwisha habari yake, ile ilikuwa ya kurudishwa mlangoni. Lakini bosi kanisimamia kichwani, simu inalia kila saa wanataka jibu, basi nikaotesha hivyo hivyo, kwanza kwenye peptoni ya alkali, ule mchuzi anaoupenda mdudu huyo, masaa 6, nikahamishia kwenye TCBS, sahani ya kijani ya kumnasa, kesho yake sahani ni kijani tupu kama nilivyoipika. Nikaandika hakuna kilichoota. Wao wakasoma hakuna kipindupindu.

Hakuna kilichoota si hakuna kitu. Najua nimekuambia hili tangu hujajua kusoma, nalirudia.

Siku ya nne ikaja boti na watu wanne, mmoja macho yameingia ndani na vidole vimesinyaa kama vya mtu aliyeshinda anafua. Safari hii choo nilikichukua mwenyewe, kile kama maji ya mchele, nikaweka tone kwenye slaidi nikachungulia, jamani, wanachomoka huku na huku kama dagaa waliomulikwa na karabai. Usiku umeme ukakatika. Nikachemsha maji nikajaza chupa nikazipanga ndani ya inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea, mpaka alfajiri nalinda kipimajoto kisishuke 37. Asubuhi ile sahani ya kijani imegeuka njano, maana huyo mdudu anakula sukari iliyomo, vijumba vyake vinang'aa. Nikachota kidogo nikakoroga na deoksikoleti, kemikali ya kumpima, kunyanyua lupu, kile kijiwaya cha kuchotea, ikavutika kama mlenda, ndiye mwenyewe. Na nikafurahi, mama. Hapo ndo panaponiuma mpaka leo, nilifurahi kama kuku aliyeangua, na upande wa pili wa ukuta kuna mtu anatapika.

Wote wanne walipona. Dripu na ORS, yale maji ya chumvi na sukari, havisubiri maabara, hilo najiambia kila nikikumbuka, kwamba hata ningeandika vizuri daktari angewatibu vile vile. Ni kweli kabisa. Halafu najijibu, sawa mzee, ila klorini ingefika kule siku tatu kabla. Siku tatu watu wanachota maji pale pale wanapooga. Mama yako alisema acha kujitesa, si wewe uliyeikausha ile swabu. Sawa, ila sahihi kwenye fomu ni ya nani?

Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kile kijiji cha ziwani mpakani, meli ya Liemba inawashusha Kigoma mjini mafungu kwa mafungu na kipindupindu kimeshalipuka, mimi nilikuwa nimeshakuwa mkali. Swabu kavu naiandika kwa kalamu nyekundu "sampuli haifai, leteni nyingine", vijana wakaniita Mzee wa Kukataa. Jina hilo nililipenda kuliko cheti chochote pale ukutani.

Kwa hiyo sijui kama nimekujibu. Kazi ya kuuza dawa si mbaya usije ukadhani naidharau, mshahara wa maabara unaujua, umeula, ndo ule uliokuwa unaisha tarehe kumi tunahamia kwenye dagaa wa kukopa. Na masters nayo ni miaka, mikopo, sijui nini. Ila utakuwa unapeleka sipro, ile antibayotiki, kwa watu ambao hawajaotesha kitu, na unajua watu wanavyoimeza kama pipi, kesho na keshokutwa mdudu akiizoea tutam... Hapana. Nilimuahidi mama yako sitakuamulia, naishia hapo.

Bibi yako anakusalimia, mguu haujambo. Migebuka imeshuka bei wiki hii, ningekutumia ila mara ya mwisho ilifika huko inanuka basi zima.

Halafu hukuniambia, hilo gari ni lako au la kampuni?

Baba