Haki Zisizouzika

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Ninasomesha sekondari hapa Lamu, na majuzi darasa langu lilikuwa likitafsiri Tangazo la Uhuru la Marekani la tarehe 4 Julai 1776. Tulikwama pale linaposema kwamba watu wote wameumbwa sawa, na kwamba Muumba amewapa haki za aina fulani, zikiwemo uhai, uhuru na kuitafuta furaha. Mwanafunzi mmoja aliziita haki "zisizoondolewa". Mwingine akaandika "zisizouzika", na wenzake wakamcheka. Nani amepata?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, mwalimu mwenzangu. Aliyechekwa ndiye aliyekaribia zaidi. Neno la Kiingereza lililotumika pale, "unalienable", ni la wanasheria wa mali, na maana yake ni kitu ambacho hata mwenyewe hawezi kukihamishia milki ya mtu mwingine, kwa kukiuza wala kwa kukitoa hiba. "Zisizoondolewa" linamtazama mnyang'anyi peke yake, ilhali neno la asili linamtazama na mwenye haki, likimwambia kwamba hata akiridhia na kutia sahihi, haki ile ingali yake. Wapeleke wanafunzi mbele ya nyumba ya wakfu hapo mjini kwenu, uwaulize kwa nini wakaazi wake hawawezi kuiuza hata wakikubaliana wote. Tofauti ni kwamba wakfu huwekwa na binadamu, na haki hizi, kwa mujibu wa tangazo, zimewekwa na Muumba.

Usiandike "zisizohamishika", kwa sababu tumekwisha kuzoea kuliweka neno hilo kwenye nyumba na mashamba. Mimi ningeandika "haki zisizotoleka wala kunyang'anyika".

Linalonitia wasiwasi zaidi ni maneno ambayo darasa lako liliyapita bila kusita: "watu wote". Neno la Kiingereza lililoandikwa pale, "men", huweza kuwa wanadamu na huweza kuwa wanaume. Kiswahili hakina neno lenye sura hizo mbili, kwa hiyo ukiandika "watu" umekwisha kuamua jambo ambalo Wamarekani wenyewe waliligombania kwa miaka mingi. Thomas Jefferson, aliyeandika rasimu, alimiliki watumwa, na aya yake ya kumshutumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa ilifutwa na Kongresi kabla ya tangazo kupitishwa. Mwaka 1848, katika mkutano wa kudai haki za wanawake uliofanyika Seneca Falls, Marekani, wanawake waliichukua sentensi hiyo hiyo na kuongeza neno "wanawake", maana waliona wazi kwamba hawakuhesabiwa.

Andika "watu wote", lakini uweke maelezo chini ya ukurasa. Kisha wape wanafunzi sentensi ya 1848 waitafsiri, nao wataona wenyewe kwamba, "watu" ikiwa imekwisha kutumika, nyongeza ya akina mama wale haina pa kukaa.