Mdomo Kufa Ganzi Si Jino Kufa Ganzi

Ninyi mnaoanza kazi kliniki za meno, litakalowajaribu kuliko yote ni gego la chini lenye kiini, yaani nyama laini yenye neva ndani ya jino, kilichowaka. Mgonjwa wa kwetu Busia hufika hajalala, kameza Panadol na antibayotiki za duka la dawa, na anajua amekuja kung'oa. Ukimwambia jino linaweza kuokolewa kwa kusafisha mizizi, atauliza kama itauma. Bei huuliza baadaye.

Unachoma ganzi ya taya, polepole, na baada ya dakika 5 anasema mdomo umekuwa mzito. Hapo wengi hushika drili. Subirini. Mdomo mzito haukuambii lolote la hakika kuhusu kiini. Ngoja dakika 10 hadi 15, kisha gusa jino kwa pamba iliyopuliziwa dawa ya baridi, au kipande cha barafu. Akishtuka, usianze. Ongeza artikaini ya 4%, dawa nyingine ya ganzi, kwenye ufizi upande wa shavu, au choma kwenye kano linaloshika jino. Ikishindikana kabisa, kuna sindano ya ndani ya kiini chenyewe. Hiyo huuma kweli, ingawa kwa sekunde chache, kwa hiyo mwambie kabla. Huku ukihesabu jumla ya dawa ya ganzi: katriji (kichupa cha sindano) ya mililita 1.8 ya lignokaini ya 2%, ganzi ya kawaida, ina miligramu 36, na binti wa kilo 45 hapewi kipimo cha askari wa kilo 90.

Ibuprofeni miligramu 400 hadi 600, saa moja kabla ya sindano, huisaidia ganzi kushika. Uliza kwanza vidonda vya tumbo, figo, pumu na ujauzito.

Kubalianeni mapema kwamba akiinua mkono unaacha, na uache kweli. Wazee wetu, wanaume hasa, hawatauinua. Mimi hutazama vidole vya miguu. Vikijikunja, nachomoa drili.

Antibayotiki haitulizi kiini kinachouma, hata mgonjwa akisisitiza. Iachie uvimbe unaosambaa au homa.

Kabla hajapanda boda, mwambie jino litauma kidogo akitafuna kwa siku mbili tatu, na umwandikie dawa ya maumivu aimeze kabla ganzi haijaisha. Shavu likivimba, arudi siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kadi.