Taya au nyonga? Mwalimu mstaafu anauliza kuhusu dawa ya mifupa

*Shangazi, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Tanga, umri wangu miaka 64. Mwezi wa nne niliteleza uani nikianika nguo, nikajizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika. Hogo lilipotolewa daktari alinituma Dar kupima mifupa kwa mashine ya DEXA. Majibu yakaja: uti wa mgongo -3.1, nyonga -2.6. Akasema ni osteoporosisi, yaani mifupa imedhoofika, nichague mojawapo: vidonge vya alendroneti, kimoja kila wiki, au dripu ya zoledroneti mara moja kwa mwaka. Nikanunua vidonge. Shoga yangu akanitumia sauti ya WhatsApp kwamba dawa hizo zinaozesha taya na kuvunja mapaja. Mimi nina gego linalocheza, kiungulia cha miaka mingi, na natumia dawa ya presha. Binti yangu aliyeko Muscat ananiambia niachane na yote hayo, ataniletea sindano ya denosumabu inayochomwa kila miezi 6. Vidonge viko kabatini wiki ya sita sasa, sijavigusa. Na mifupa hainiumi hata kidogo. Kwa nini nimeze kitu cha kuniozesha taya wakati siumwi?*

Waaleikum salaam, Mwalimu. Pole kwa mkono, na pole kwa hizo wiki 6 za kufungua kabati na kulifunga.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililotuponza nyumbani kwetu. Mama yangu alianza kupinda mgongo akiwa na umri kama wako. Gauni lake la Idi likawa linaburura mbele, tukalipunguza pindo. Mwaka uliofuata tukalipunguza tena. Tukasema uzee. Kumbe pingili za mgongo zilikuwa zinabonyea moja baada ya nyingine, naye halalamiki zaidi ya kusema kiuno kimechoka. Usiku mmoja akaenda msalani, akaanguka, nyonga ikavunjika. Hakutembea tena mpaka anaingia kaburini.

Osteoporosisi haiumi, Mwalimu. Kinachouma ni mvunjiko, na wako wa kwanza umeshaupata. Mtu mzima mwenye mifupa imara akianguka kutoka kimo chake mwenyewe huchubuka na kuvimba, kwa kawaida havunjiki. Madaktari huita osteoporosisi pale kipimo kinapofika -2.5 au kushuka chini yake. Wewe umeshuka mgongoni na nyongani, na mkono umeshatoa ushahidi.

Mfupa si jiwe. Ni kama nyumba ya udongo yenye mafundi wawili wasiolala: mmoja anabandua udongo uliochakaa, mwenzake anakandika mpya. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inapungua, na yule mbanduaji anakosa wa kumzuia. Anabandua haraka kuliko mwenzake anavyokandika, kuta zinabaki fito. Alendroneti na zoledroneti ni za ukoo mmoja, bisfosfoneti. Zinajishika kwenye mfupa na kumpunguza kasi mbanduaji, ili mkandikaji apate nafasi. Hutasikia nafuu yoyote ukizitumia, na wengi huziacha kabla mwaka haujaisha kwa sababu hiyo hiyo. Wanasubiri kuhisi kitu ambacho hakihisiki.

Kazi yake inaonekana kwenye hesabu. Utafiti mkubwa wa zoledroneti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuata wanawake zaidi ya 7,000 wenye ugonjwa wako kwa miaka 3. Kati ya kila 100 waliotundikiwa dripu isiyo na dawa, karibu 11 walivunjika pingili za mgongo. Kati ya waliopata dawa, 3. Mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa asilimia 41. Alendroneti nayo, katika utafiti wa mwaka 1996 kwa wanawake waliokwisha kuvunjika pingili, ilipunguza mivunjiko mipya ya pingili na ya nyonga kwa karibu nusu.

Sasa taya. Shoga yako hakukudanganya, lakini habari aliyokupa haikukamilika. Maradhi hayo yapo: kipande cha mfupa wa taya kinakufa na kubaki wazi kinywani, mara nyingi baada ya kung'oa jino. Waliopatwa kwa wingi ni wagonjwa wa saratani, ambao hutundikiwa zoledroneti miligramu 4 kila baada ya wiki 3 au 4. Wewe utapewa miligramu 5 kwa mwaka mzima. Kwa dozi za osteoporosisi, makadirio ni mtu 1 hadi 10 kwa kila watumiaji 100,000 kwa mwaka. Linganisha na wale 11 katika 100 hapo juu.

Hata hivyo gego lako silidharau. Linalocheza leo kesho litataka kung'olewa, na ni bora ling'olewe kabla ya dawa kuliko baada yake. Nenda kwa daktari wa meno wiki hii, mweleze dawa unayotarajia kuanza, amalize kazi yote kinywani, kidonda kipone, ndipo uanze. Ila usikubali gego liwe sababu ya kuahirisha mwaka mzima. Na ukishaanza, kila ukikaa kwenye kiti cha daktari wa meno mtajie dawa yako kabla hajashika koleo.

Na paja: hilo nalo ni kweli, na ni nadra. Dawa ikitumika miaka mingi, mfupa wa paja unaweza kupata ufa na kuvunjika bila kuanguka kwa kishindo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikadiria hivi: wakitibiwa wanawake wazungu 10,000 kwa miaka 3, mivunjiko ya nyonga 149 inazuiwa, na mivunjiko ya paja ya aina hii inatokea 2. Kwa wanawake wenye asili ya Asia, inazuiwa 91 na kutokea 8. Hatari inaongezeka kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo dawa hizi si za kumeza mpaka kufa. Baada ya miaka 5 ya vidonge, au 3 ya dripu, daktari hupima upya, na wengi hupumzishwa. Zinaweza kupumzishwa kwa sababu zilizobaki ndani ya mfupa huendelea kufanya kazi kwa muda. Wewe unachotakiwa kukumbuka ni hiki: ukisikia maumivu mapya ya pajani au kwenye kinena, yanayokaa wiki nzima bila sababu, usiyakande kwa mafuta. Nenda ukapigwe picha, na waombe wapige miguu yote miwili.

Tuje kwenye vidonge vyako vya kabatini. Alendroneti ina adabu yake, na asiyeifuata huumia umio au humeza bure. Hata ukifuata kila kitu, chini ya asilimia 1 ya kidonge ndiyo inayoingia mwilini; chai, maziwa au maji ya machungwa huzuia hata hicho kidogo. Kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha unabaki wima kwa nusu saa, umekaa au umesimama, bila kula. Kukilalia au kuinama navyo ni vibaya, kwa sababu kikirudi kwenye umio kinauchoma. Kwa hiyo, Mwalimu, ukimeza, meza ukishaswali Alfajiri, maana rukuu na sijda ni kuinama. Baki kwenye msala na tasbihi yako mpaka nusu saa ipite. Mwezi wa Ramadhani amka mapema, saa moja hivi kabla ya daku, umeze, ukae wima, ndipo ule, na usiku huo usiwe umekula kitu karibu na muda wa kulala. Vidonge vya kalsiamu usivichanganye nacho. Hivyo ni vya baadaye mchana, na siku ya kufunga baada ya futari.

Mwenye umio uliobana, au anayekwamwa na chakula, vidonge hivi si vyake kabisa. Kiungulia peke yake hakikatazi, lakini cha miaka mingi kama chako kinanitia wasiwasi, na daktari anapaswa kukisikia kwa marefu na mapana. Hukuandika unakitulizaje. Kama ni kwa omeprazoli ya kila siku, mwambie, kwa sababu kuitumia miaka mingi kumehusishwa na mivunjiko.

Dripu haipiti tumboni wala kwenye umio. Inatundikwa mara moja, robo saa mpaka nusu saa, umemaliza mwaka. Mimi ndiyo ninayotumia. Usiku wa kwanza nilitetemeka chini ya mablanketi mawili, viungo vikiuma kama malaria, wanangu wakaanza kutafuta gari. Karibu theluthi moja ya watu hupatwa na hali hiyo mara ya kwanza, ndani ya siku 3, na kwa kawaida huisha kwa parasetamo na maji mengi. Mara ya pili nililala kama kawaida. Ila tunaishi kwenye mbu: homa ikipita siku ya tatu, acha kuisingizia dripu, kapime malaria.

Kabla ya kutundikiwa, kuna vipimo ambavyo usikubali virukwe. Figo kwanza, kwa kipimo cha damu cha kreatinini, hasa kwa kuwa una presha. Figo zikiwa zimechoka sana dripu hii haitolewi. Kisha kalsiamu na vitamini D. Zikiwa chini, zirekebishwe kwanza, la sivyo dawa itaishusha kalsiamu ya damu na utapata ganzi mdomoni na mikazo ya misuli. Usidhani jua la Tanga linatosha. Sisi wa baibui na vibaraza vya kivuli hatulipati kama tunavyofikiri. Dagaa waliwe na mifupa yao, mtindi pia. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini kalsiamu yake nyingi haichukuliki mwilini. Na kama moyo wako umewahi kwenda mbio bila mpangilio, sema. Katika utafiti ule wa 2007, mapigo kuvurugika kwa kiwango kikubwa kulionekana kwa watu 13 kati ya 1,000 waliopata dawa, dhidi ya 5 kwa wasioipata.

Nimeacha la binti yako mwisho, na hapa nitasema kwa mkazo, kwa sababu kwa upendo wake anaweza kukuingiza shimoni. Denosumabu ni dawa nzuri. Mwenye figo dhaifu huweza kuitumia pale dripu inapokataliwa, na katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 ilipunguza mivunjiko ya pingili kwa asilimia 68. Lakini haibaki kwenye mfupa kama bisfosfoneti. Ikichelewa, mbanduaji aliyekuwa amefungwa kamba anarudi kwa hasira, na wapo wanawake waliovunjika pingili kadhaa kwa mkupuo baada ya kukosa sindano. Ni kila miezi 6, na ukitaka kuiacha lazima daktari akupe dawa nyingine ya kuishikilia mifupa. Sasa fikiria sindano inayotakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, isafiri kutoka Muscat ndani ya begi, ingojee umeme wa nyumbani, na mwakani itegemee likizo ya binti. Akibadilisha kazi? Ndege ikikosekana? Wala haikukwepeshi na lile la taya, kwa sababu nayo imo kwenye orodha hiyo hiyo. Anayeipata karibu, kwa uhakika, mwaka hadi mwaka, aichome. Kwako wewe, kwa njia hii, hapana.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, ningeng'oa gego, ningepima figo na vitamini D, kisha ningerudi kwa daktari yule yule na kumwambia: kwa kiungulia hiki naona dripu inanifaa zaidi, wewe unaonaje? Ana faili lako, mimi nina barua tu, basi akiwa na sababu ya kukataa msikilize na umuulize ni ipi. Kama bei ya dripu itakushinda na daktari akiridhika na umio wako, vidonge vyako si dawa ya daraja la chini. Vimewakinga wanawake wengi, na kuvimeza kwa adabu kila wiki ni bora kuliko dripu ya kuota. Nisichokubali ni kabati kubaki limefungwa.

Na binti asijisikie amekataliwa. Mwambie pesa ya sindano anunue taa ya bafuni inayowaka usiku kucha, vyuma vya kushikia ukutani karibu na choo, na kandambili zenye soli isiyoteleza. Akija likizo, akutengenezee na ule uani ulipoangukia.