Betri ya boti haijai chaji, asubuhi staata inagoma

Swali: Fundi, habari za kazi. Boti yangu ya faiba ipo Kilwa Masoko, ina mashine ya tustroki ya HP 40 yenye staata. Betri ya ampia 70 nimeinunua mwezi uliopita, lakini nikitoka kuvua usiku, asubuhi staata inagoma, nawasha kwa kamba. Fundi wa hapa alichomoa kichwa cha betri mashine ikiwaka, haikuzimika, akasema chaji ni nzima. Ninunue betri nyingine?

Jibu: Usinunue bado, ndugu. Kipimo hicho hakithibitishi kitu. Mashine nyingi za aina yako hupata umeme wa plagi kwenye koili yake pekee chini ya flaiwili (gurudumu zito la juu linalozunguka na mashine), ndiyo maana huwaka kwa kamba hata betri ikiwa haipo. Umeme wa chaji hutoka koili nyingine, hupita kwenye rektifaya (kifaa kinachougeuza uwe umeme wa kuchaji betri), kisha fyuzi, ndipo ufike kwenye betri. Tena kuchomoa kichwa mashine ikinguruma ni hatari kubwa: umeme hukosa pa kwenda, volti hupanda ghafla na rektifaya huungua. Tafadhali mwombe fundi wako aache kabisa mtindo huo.

Kwanza jaza betri kwa chaja ya nchi kavu, maana betri iliyoisha hudanganya vipimo. Iache ipumzike saa chache, kisha pima volti zake kwa mita: 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 imekwisha. Sasa washa, boti ikiwa majini, upandishe mpaka mizunguko kama 3,000 kwa dakika. Vichwani mwa betri uone volti 13.8 hadi 14.5. Kwenye sailensa (mashine ikinguruma polepole bila kupandishwa) zikiwa pungufu, usishtuke. Zikizidi 15, betri inapikwa na maji yake yatakauka.

Zisipopanda, anza na chumvi kabla ya kushuku kifaa chochote. Chomoa fyuzi: mara nyingi yenyewe ni nzima, ila meno ya shaba inamokaa yameota ukijani. Menya waya kidogo karibu na kiungo. Shaba ikiwa nyeusi kama masizi, kata urudi nyuma hadi uione inang'aa. Kisha, mashine ikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye waya mwekundu unaotoka rektifaya na nyingine kwenye chanya ya betri. Zaidi ya volti 0.3 maana yake umeme unapotelea njiani.

Njia ikiwa safi, zima mashine, chomoa nyaya mbili za koili (kwenye Yamaha nyingi ni za kijani). Ukipima kati yake, mita kwa kawaida husoma chini ya omu 1. Kila moja dhidi ya bodi ya mashine isisome chochote. Rektifaya ipime ukiweka mita kwenye alama ya dayodi: kila njia ipitishe upande mmoja tu, kama 0.5. Ikipitisha pande zote, au ikikataa zote, badilisha.

Lakini piga hesabu pia. Koili ya wati 80 hutoa kama ampia 6 mashine ikienda kasi, na pungufu sana ukienda polepole. Taa ya kuvulia ya wati 30 kwa saa 8, mashine ikiwa imezimwa, hula ampia-saa 20. Kuzirudisha ni mwendo wa kasi wa zaidi ya saa 3. Kama uvuvi wako uko nusu saa kutoka pwani, hata mfumo mzima hautamudu. Hapo funga paneli ya sola ya wati 50 yenye kontrola yake (kidhibiti cha chaji), au taa ipate betri yake, ya staata isiguswe.

Ukirudisha vichwa, chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza kwa nati za spana, maana za kukaza kwa vidole hulegezwa na mawimbi, na upake vaselini baada ya kukaza, si kabla.